Sherehe ina fungu lake, masomo yana fungu lake

Siku moja ya Januari nilikaa mezani na taarifa ya benki ya mwaka mzima, nikashika kalamu nyekundu, nikaanza kuzungushia duara kila malipo yaliyohusu sherehe ya familia: harusi, mahafali, mtoto kuzaliwa, siku ya kuzaliwa ya mtu, sikukuu. Nilidhani ningepata 5 au 6. Nilipata 11. Nilipojumlisha, niliona kwamba katika miezi 12 nilikuwa nimetumia mshahara wa miezi 2 na nusu kwenye sherehe, na hapo sikuihesabu harusi ya mdogo wangu wa kiume, ambayo niliiandikia ukurasa wake peke yake.

Harusi hiyo ndiyo iliyonikalisha mezani. Ilikuwa imefanyika miezi miwili kabla, na ilikuwa imeondoka na akiba yangu yote ya masomo pamoja na mkopo juu yake. Kwa miaka 6 nilikuwa nikisema kwamba mwakani ninarudi kusoma. Nilikuwa na kazi, mshahara ulikuwa unaingia, sikuwa mtu wa anasa. Nilitaka kujua fedha zangu zilikuwa zinapitia wapi.

Mimi ni kifungua mimba. Baba alikuwa ameshastaafu, na mdogo wangu ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi. Katika kikao cha kwanza cha familia tulikubaliana wageni 150. Katika kikao cha pili walikuwa 180, kwa sababu kuna majina yaliyosahauliwa na hakuna aliyetaka lawama. Siku kadi zinachapishwa walikuwa 220. Wakati ule sikuelewa maana ya ongezeko lile. Niliona kama ni majina tu kwenye karatasi. Leo najua kwamba gharama za sherehe kwa sehemu kubwa zinahesabiwa kwa kichwa: kiti, sahani, kinywaji, kadi, nafasi ukumbini, hata idadi ya wahudumu. Ukitoka 150 ukafika 220 umeongeza karibu nusu ya watu, na karibu kila mstari wa bajeti unaoenda kwa kichwa unaongezeka kiasi hicho hicho. Tulihangaika kupunguza maua na mapambo, vitu ambavyo hata tungeviondoa vyote visingefidia wale wageni 70.

Kila pengo lilipotokea, macho yalinigeukia mimi, nami sikuwahi kusema hapana. Nilitoa akiba yangu, iliyokuwa sawa na mshahara wa miezi 2. Zilipobaki wiki 3 nikakopa mshahara wa miezi 3. Harusi ilikuwa nzuri. Nilimwona mama akicheza kama sijamwona akicheza tangu nikiwa mtoto, na sitaki mtu asome maneno haya akadhani ninajuta kuiona siku ile. Ninachojutia ni mkopo.

Niliambiwa riba ni asilimia 18 kwa mwaka, kwa miaka 2. Sikuuliza riba hiyo inahesabiwaje. Kumbe ilipigwa juu ya mkopo mzima tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata baada ya nusu ya deni kwisha kulipwa. Kwa hesabu hiyo, kila 100 niliyokopa niliirudisha 136. Kama riba ingekuwa inahesabiwa juu ya deni linalobaki, asilimia 18 ile ile ingenifanya nirudishe karibu 120. Ukiigeuza hesabu yangu iwe ya deni linalobaki, nilikuwa nalipa zaidi kidogo ya asilimia 31 kwa mwaka. Makato yalikuwa asilimia 17 ya mshahara kila mwezi, kwa miezi 24, na riba peke yake ilizidi mshahara wa mwezi mzima. Huo mshahara haukununua kiti wala kadi. Ndugu yangu unayesoma, kabla ya kuweka sahihi uliza swali moja tu: jumla nitarudisha kiasi gani? Usiulize asilimia peke yake. Uliza jumla, waandike kwenye karatasi, uilinganishe na unachochukua.

Narudi kwenye ile kalamu nyekundu, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza mambo mengi kuliko mahali pengine popote.

Jambo la kwanza lililonishtua ni kwamba michango yenyewe, ile ninayoombwa na kuitangaza, ilikuwa kama nusu tu ya fedha zote. Nusu nyingine ilikuwa imejificha kwenye nguo mpya, viatu, nauli ya kwenda na kurudi, malazi ya usiku mmoja, zawadi niliyobeba mkononi licha ya mchango kutolewa, na fedha ndogondogo nilizowapa wadogo zangu ili nao wapendeze. Nilikuwa nikisema "sherehe hii imenigharimu kiasi fulani" huku nikitaja mchango peke yake. Nusu ya ukweli ilikuwa nje ya hesabu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa ikinimalizia mwezi.

Jambo la pili lilinichukua siku kadhaa kulikubali. Nilichukua zile sherehe 11 nikajiuliza kwa kila moja: mwaka mmoja kabla, ningeweza kujua kwamba inakuja? Siku za kuzaliwa za wazazi hazihami. Sikukuu zimo kwenye kalenda. Mahafali ya binamu yangu yalijulikana tangu siku alipoanza mwaka wa mwisho. Ndoa ya shangazi mdogo ilikuwa imezungumzwa miezi 10. Kati ya sherehe 11, zilizokuja ghafla kweli zilikuwa 3. Zile 8 nilikuwa nazijua, na kila moja niliipokea kama dharura. Nilichota akiba nikisema "imetokea", wakati haikutokea. Ilikuwa njiani muda wote nami sikuiandalia kitu.

Hapo nikaona kosa langu. Nilikuwa na akaunti moja niliyoiita akiba. Moyoni ilikuwa ya masomo, lakini hakuna mahali palipoandikwa hivyo, hata mimi mwenyewe sikuitendea hivyo. Fedha isiyo na jina humwendea wa kwanza kuiomba, na sherehe ilikuwa inaomba kwa sauti kubwa, kwa tarehe, kwa kadi, kwa simu ya mama mkubwa saa mbili usiku. Masomo hayakuwa na mtu wa kuyapigia simu.

Mchumi Richard Thaler, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameandika sana juu ya tabia ya watu kugawa fedha akilini katika mafungu, kana kwamba noti ya fungu moja si sawa na noti ya fungu lingine. Kwa hesabu kavu fedha ni fedha. Lakini mtu akishaliita fungu kwa jina, mkono wake husita kulichota kwa jambo lingine. Tabia hiyo mimi niliigeuza ngao. Nilifungua akaunti 3 na kila moja nikaipa jina: Masomo, Dharura, Sherehe. Benki nyingi siku hizi zinaruhusu kuandika jina la lengo kwenye akaunti, na programu za simu vilevile. Hata bahasha 3 zenye maandishi zinafanya kazi hiyo hiyo, mradi zisilale mahali pamoja na fedha ya matumizi.

Swali gumu lilikuwa kiasi. Kama ningeendelea na mwendo wa mwaka ule, mshahara wa miezi 2 na nusu ukiugawa kwa 12 ni karibu asilimia 21 ya kila mshahara. Mkopo ulikuwa unakata 17. Nisingeweza. Ilibidi niamue kwamba sherehe zitapata asilimia 10, sawa na mshahara wa mwezi 1 na siku chache kwa mwaka, na kwamba ndani ya fungu hilo iwemo nauli, nguo na zawadi, si mchango peke yake. Dharura ikapata 5. Masomo yakapata 3. Niliona aibu kuandika 3 mbele ya neno Masomo, lakini niliiandika, maana nilijua nikisubiri mkopo uishe ndipo nianze, nitakuwa nimeshazoea kuishi bila kuweka. Nikaielekeza benki ihamishe mafungu yote siku ile ile mshahara unapoingia, kabla sijanunua chochote.

Watu wameniuliza kwa nini sikuanza na masomo, nikaacha sherehe zipate kitakachobaki. Ndivyo nilivyokuwa nimefanya kwa miaka 6! Ukiinyima sherehe fungu, haiachi kuja. Inakuja ikakukuta huna kitu, inafungua mlango wa karibu zaidi, na mlango wa karibu ni akiba yako. Fungu la sherehe ndilo linalolinda fungu la masomo. Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kwa mtu anayeanza kazi leo, ningesema hilo.

Kwa mwenye kipato kisicho na tarehe, asilimia inafaa kuliko kiasi maalumu. Rafiki yangu aliyejiajiri anaweka asilimia 15 mwezi mzuri na 5 mwezi mbaya, na anafanya hivyo siku fedha inapoingia, si mwisho wa mwezi.

Sasa nikawa na namba. Tatizo ni kwamba namba hiyo ilikuwa kichwani mwangu na kwenye daftari langu, na familia haikuijua. Niliogopa kumwambia mama kuliko nilivyoogopa kumwambia mtu mwingine yeyote. Nilijipanga wiki 2. Nilimwendea jioni moja akiwa peke yake, nikamfungulia daftari.

"Mama," nilimwambia, "shikamoo. Nimekuja tuzungumze habari ya sherehe za mwaka huu."

"Marahaba mwanangu. Sherehe zipi tena?"

Nikamsomea orodha ya zile ninazozijua, kisha nikamwambia fungu langu la mwaka mzima ni kiasi hiki, na baada ya hapo sina.

Alinyamaza. Halafu akasema polepole, "Yaani sasa mnatuwekea kipimo. Ndugu zako nao utawapimia?"

Ilinichoma. Nilimweleza habari ya mkopo, makato, miaka 2, masomo. Alisikiliza lakini uso haukufunguka, na niliondoka pale nikiwa na hakika kwamba nimemkosea. Wiki nzima hakunipigia, jambo ambalo si kawaida yake. Siku ya nane alipiga. Hakuanza na salamu ndefu.

"Mwanangu, mimi nilidhani unazo. Hukuwahi kukataa hata mara moja. Kila tulipokuomba ulitoa, nikasema huyu Mungu amemjalia. Ningejua unakopa, ningemwambia mdogo wako wageni wawe 100."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Miaka yote nilidhani ninaficha shida yangu ili wazazi wasisononeke. Kumbe kunyamaza kwangu kulikuwa kunasema jambo, na jambo lenyewe lilikuwa la uongo. Kila nilipotoa bila kusita, niliwaambia kwamba bado ipo nyingine. Nao walipanga sherehe kwa kufuata taarifa hiyo niliyowapa mimi mwenyewe. Kisha mama aliniambia la pili, ambalo sikulitegemea: kwamba yeye pia alikuwa anakopa kwa jirani ili atoe mchango wake kwa watu, asionekane kuwa nyuma. Mama na binti, kila mmoja akikopa kwa siri ili asimwangushe mwenzake.

Tangu hapo kila Januari tunakaa sisi wawili, yeye na daftari lake, mimi na langu. Tunaandika tarehe zinazojulikana, tunaweka alama kwa zinazonukia (fulani amechumbia, fulani atamaliza chuo), na tunaacha sehemu ya nne ya fungu bila jina kwa ajili ya zile za ghafla. Kisha kila sherehe inapewa kiasi chake mapema. Si lazima ziwe sawa. Mahafali ya mtoto wa kwanza katika ukoo kufika chuo si sawa na siku ya kuzaliwa ya kila mwaka, na hatuogopi kusema hivyo.

Nilijifunza pia kutojibu habari za fedha nikiwa bado nimeshika simu. Shangazi anapopiga na furaha yote ile, sauti yake peke yake inanitosha kuahidi mara mbili ya nilichonacho. Sasa jibu langu ni moja: "Hongera sana shangazi, nimefurahi kweli. Nipe hadi kesho nitazame fungu langu, nitakuambia nina kiasi gani." Kesho yake nampigia bila kukosa. Hakuna aliyewahi kukasirishwa na jibu la kesho. Watu hukasirishwa na ahadi isiyofika, ile inayomfanya mwenye shughuli aajiri mtu wa muziki kwa kutegemea fedha yako, kisha wewe unazima simu wiki ya mwisho.

Tena ninatoa mapema. Mchango mdogo miezi 4 kabla unamsaidia mwenye shughuli kuliko mkubwa unaofika usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa sababu malipo ya awali ya ukumbi yanadaiwa mapema, na anayechelewa kulipia anabaki na kumbi za bei ya juu. Niliposema hivi mbele ya familia, watu wawili walikubali pale pale kuanza kutoa kidogo kidogo kila mwezi.

Mwaka wa pili haukwenda vizuri. Agosti ilikuja na sherehe 3, moja ikiwa ya ghafla, na kufikia Oktoba fungu la sherehe lilikuwa limekauka. Novemba ilikuwa mahafali ya mdogo wangu wa mwisho, ambayo niliyajua tangu Januari na nikayaandikia kiasi, lakini kiasi chenyewe nilikuwa nimekitumia Agosti. Nikasimama mbele ya akaunti ya Masomo na kishawishi cha zamani. Nilichota. Lakini safari hii niliandika: tarehe, kiasi, na mpango wa kurudisha kwa miezi 4 kutoka fungu la sherehe, si kutoka mahali pengine. Niliirudisha yote. Fungu la Dharura sikuligusa, ingawa lilikuwa na fedha. Mahafali si dharura. Mwezi wa Februari uliofuata baba alilazwa siku 5, na fedha ile ilikuwepo ikiningoja. Sijui ningefanya nini kama ningekuwa nimeitumia kwenye nguo na ukumbi.

Baada ya hapo niliweka sehemu kubwa ya fedha za masomo kwenye amana ya muda maalumu, miezi 12 kwa 12, ambayo ukiitoa kabla ya wakati unapoteza riba. Riba yake si kubwa. Faida ninayoithamini ni kwamba haitoki kwa haraka. Ila usifunge zote: ukifunga kila kitu halafu ukakopa kwa riba niliyokopa mimi, amana yako itakuwa inakuingizia kidogo huku mkopo ukikutoa kingi.

Mkopo ulipoisha, makato yale ya asilimia 17 hayakurudi mfukoni. Mwezi ule ule niliielekeza benki iyapeleke kwenye Masomo, yakaungana na zile 3 zikawa 20. Sikuhisi tofauti yoyote katika matumizi yangu, kwa sababu miaka 2 nilikuwa nimeshaishi bila fedha hiyo. Nadhani huo ndio uamuzi mmoja ulionifikisha, na ulichukua dakika 10.

Kisha dada yetu mdogo akachumbiwa. Kikao cha kwanza cha familia, kabla mtu hajataja ukumbi, yeye mwenyewe akasema, "Dada, mimi nataka kujua kwanza tuna kiasi gani, ndipo niandike majina." Nilimtazama mama, mama akatazama chini akitabasamu.

Tulianza na fedha. Kila mmoja alisema atakachoweza bila kukopa, tukaandika. Kutoka kwenye jumla hiyo tukatenga asilimia 15 tusiiguse. Hili tulilifanya kwa sababu tulikuwa na daftari la harusi ya kwanza, na lilionyesha kwamba karibu kila makadirio yalikuwa yamepitwa. Si sisi peke yetu. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jinsi watu wanavyokadiria mipango yao kwa matumaini kupita kiasi, hata wanapojua kwamba mipango kama hiyo ilichelewa au ilizidi huko nyuma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza kwa siku ngapi. Kwa wastani walisema karibu siku 34. Walipoulizwa kama kila kitu kikienda vibaya, walisema karibu 49. Walimaliza kwa wastani wa siku 55 na nusu. Hata makadirio yao ya hali mbaya kabisa yalikuwa na matumaini mno! Dawa yake ni kuacha kujiuliza "hii itagharimu kiasi gani" ukauliza "ile iliyopita iligharimu kiasi gani ilipokwisha". Kwa hiyo tulichukua daftari lile la harusi ya kwanza, tukaanzia kwenye namba halisi.

Tukatoa kwanza gharama ambazo haziongezeki kwa idadi ya watu, kama vile muziki, picha na mavazi ya bibi harusi. Kilichobaki tukakigawa kwa gharama ya kichwa kimoja. Jibu lilikuwa 110. Bibi harusi akaandika majina mpaka 110, akasimama. Mama mkubwa alitaka kuongeza 12. Mama yangu, yule yule aliyeniuliza kama ninawapimia ndugu zangu, akamjibu kwa upole, "Dada, kila jina utakaloongeza, tuambie tutoe lipi." Hakuna aliyeongeza.

Mimi nilitoa kilichokuwa kwenye fungu, sawa na robo tatu ya mshahara wa mwezi, tofauti kabisa na ile mishahara 5 ya kaka yake. Nilihofia mdogo wangu angejiona amepewa kidogo kuliko kaka. Nilimwambia ukweli huo ana kwa ana kabla ya kikao: kwamba kaka alipata nisichokuwa nacho, na kwamba sikutaka kumpa yeye deni langu kama zawadi. Alinikumbatia. Niliongeza kazi juu ya fedha: nilishika daftari la mapato na matumizi kwa miezi 5, na nikagundua bili moja ya viti iliyokuwa inataka kulipwa mara mbili. Lakini nisieleweke vibaya, kazi haikuwa kisingizio cha kutotoa. Nilitoa fungu langu lote.

Katika zile asilimia 15 tulizotenga, 11 zilitumika. Zilizobaki tulimpa bibi harusi aanzie maisha.

Miaka 4 na miezi 2 baada ya harusi ya kwanza, fungu la Masomo lilikuwa na mshahara wa miezi 6. Kozi nzima ilihitaji 9, lakini ada inalipwa kwa mihula 4, kwa hiyo nilijua zilizobaki nitazifikia nikiwa njiani, kwa zile asilimia 20 za kila mwezi. Kila mwaka nilikuwa nikiuliza ada mpya na kurekebisha lengo, maana ada hupanda, na lengo lililoandikwa mara moja likaachwa huwa dogo bila mtu kuligusa.

Asubuhi niliyojiandikisha nilituma fedha mara mbili nikiwa nimeketi pale pale. Ya kwanza ilikuwa ada ya muhula, kutoka Masomo. Ya pili ilikuwa mchango wa kumkaribisha mtoto wa kwanza wa mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa wiki ile, kutoka Sherehe. Salio la kila fungu lilibaki kama nilivyolitarajia.

Jioni mama alipiga simu. Nilidhani anataka kuzungumza habari za mjukuu.

"Mwanangu, hiyo kozi yako unamaliza mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Mwezi gani?"

"Bado hawajasema, mama. Huenda Novemba."

"Haya, ngoja nichukue kalamu. Naandika Novemba. Naanza kuweka mwezi huu."